Chumvi Kwenye Dhahabu

Mlinzi Dulla alikuwa ameshalala siku moja mahabusu kwa tuhuma za kuiba dhahabu wakati Inspekta Modesta Ngusa alipouliza, Jumanne saa tatu asubuhi, swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

“Hiyo dhahabu yenyewe ilikuwa kiasi gani?”

Waliokuwa maabara walitazamana. Dokta Wilfred, mkurugenzi wa taasisi hii ndogo ya utafiti pale Visiga, alikuwa amesimama karibu na mlango kama mwenye nyumba anayengoja wageni waondoke. Laurensia Nyanda, mtafiti ambaye kazi yake ndiyo iliyoharibiwa, alikuwa amekaa. Nyuma yake alisimama Juliana, fundi wa maabara, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi.

“Dhahabu ni dhahabu, Inspekta,” alisema Dokta Wilfred. “Chupa ilikuwa na maji ya dhahabu. Jana asubuhi tumekuta maji ya bluu. Mtu amechukua chetu, akatuwekea wino.”

“Nimeuliza kiasi, Dokta.”

Laurensia ndiye aliyejibu, macho yake mezani. “Chupa nzima haizidi punje ya mchele. Ukiikusanya yote haitoshi hata kipini cha pua.”

“Na Dulla alijua hivyo?”

“Nilimweleza mwenyewe mwaka jana. Alicheka. Akasema basi mimi ni maskini mwenye dhahabu.”

Modesta alimgeukia msaidizi wake, Koplo Faraji. Faraji aliinamia jalada lake. Yeye ndiye aliyemchukua Dulla Jumatatu, baada ya mkurugenzi kupiga simu mara tatu.

“Haya,” alisema Modesta, akavuta kiti. “Nieleze hayo maji yanafanya kazi gani. Nieleze kama unavyomweleza mama mkwe.”

Laurensia alichukua kipande cha kioo chenye ukubwa wa kiberiti. Juu yake kulikuwa na miraba minne midogo, kila mmoja kama ukucha wa kidole kidogo.

“Hii ni taa. Inatengenezwa kwa perovskaiti, aina ya fuwele. Unaiyeyusha, unaipaka kwenye kioo kama rangi, ikikauka unapitisha umeme, inawaka. Ni rahisi kutengeneza na mwanga wake ni safi. Ila ina kasoro. Mwanga mwingi unanaswa ndani, hautoki. Sisi tukaweka chembe za dhahabu chini yake, ndogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haizioni. Zinausukuma mwanga nje. Taa zetu zimeng'aa karibu mara mbili.”

“Si chini yake tu,” alisema Juliana. “Ndani ya tabaka lililo chini yake. Zikigusa fuwele yenyewe zinauzima mwanga badala ya kuuongeza.”

Laurensia alikubali kwa kichwa bila kugeuka.

“Na Ijumaa mna wageni,” alisema Modesta.

“Wafadhili,” alisema Dokta Wilfred. “Wanataka kuona taa ikiwaka saa nzima bila kufifia. Wasipoiona, mradi umekwisha na nusu ya watu wa hapa wanarudi kwao.”

Modesta aliomba kuonyeshwa friji. Ilikuwa na chupa mbili kwenye rafu ya katikati. Moja ilikuwa ya kioo cheupe, imeandikwa DHAHABU kwa herufi kubwa, na maji yake yalikuwa mekundu kama juisi ya rosela. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kahawia iliyokolea, imebandikwa karatasi yenye alama A-7. Kwa nje huwezi kujua rangi ya kilichomo.

“Iliyoharibika ni hii ya kahawia?”

“Ndiyo,” alisema Laurensia. “Ile nyeupe ni ya zamani. Chembe zake ni kubwa mno, tunafundishia wanafunzi.”

“Kwa hiyo mwizi wa dhahabu amefungua friji, akaiona chupa iliyoandikwa DHAHABU, akaiacha. Akachagua A-7.”

Dokta Wilfred alikohoa, akatoa leso, hakuitumia.

“Kwa nini imegeuka bluu?” aliuliza Modesta.

Laurensia alifunga mlango wa friji. “Inatokea. Labda friji iligandisha. Zikiganda zinaharibika.”

“Friji yangu haijawahi kugandisha,” alisema Juliana. Aligonga kwa kidole karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ilikuwa na safu za tarehe na nyuzi za joto, asubuhi na jioni, zote kwa mwandiko mmoja mdogo ulionyooka. Nne, nne, nne, tangu mwanzo wa mwezi.

“Basi ni nini?”

“Chumvi.”

Juliana hakungoja kuombwa. Alimimina maji mekundu kidogo kutoka chupa ya zamani kwenye kichupa cheupe, akakoroga chumvi kwenye maji ya kawaida, akavuta kwa pipeti, kimrija cha kioo cha kupimia, na kudondoshea. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Wekundu uligeuka zambarau, kisha bluu ya kijivu kama maji ya kufulia suruali ya jinzi, kabla Faraji hajamaliza kuandika mstari.

“Chembe zikiwa mbalimbali, maji ni mekundu,” alisema. “Chumvi inazifanya zishikamane. Zikishashikamana haziachani tena, na haziwezi kufanya kazi. Mtu yeyote aliyekaa hapa hata wiki moja anaijua rangi hii. Ukiiona tu unajua kazi imekufa.”

“Tunaweza kuthibitisha kwamba kwenye A-7 kuna chumvi?”

“Dondosha tone kwenye kioo, liache likauke.”

Walingoja. Tone lilipokauka, Faraji aliinama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Visanduku,” alisema. “Vimejaa visanduku, Afande. Kama sukari.”

“Ni fuwele za chumvi,” alisema Juliana.

Laurensia aliangalia wa mwisho. Modesta alikuwa akimtazama usoni, na uso huo haukuonyesha mshangao wowote.

Walipobaki wawili, Modesta alisema, “Ulijua tangu jana kwamba ni chumvi.”

“Nilihisi.”

“Na Dulla yuko ndani tangu jana.”

Modesta alizunguka chumba taratibu. Kwenye kizingiti cha dirisha la ofisi ndogo iliyopakana na maabara kulikuwa na hotpoti iliyofungwa kwa kanga. Kwenye mfuniko palibandikwa plasta, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: Mw. Gregori, ofisi ya walimu. Modesta aliifungua. Wali na samaki wa nazi, havijaguswa, vimeshachacha.

“Hii imeletwa lini?”

“Jumapili.”

“Na nani?”

“Mume wangu.”

Daftari la wageni getini lilikuwa na mistari mitupu kwa siku ya Jumapili. Hakuna jina hata moja.

*

Dulla alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono katikati ya magoti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, wa hapohapo Visiga. Alimwamkia Modesta kwa sauti iliyokauka.

“Jumapili Mwalimu Gregori aliingia na hotpoti,” alisema Modesta. “Hukumwandika.”

“Afande, yule ni mume wa mtu. Kaingia saa sita na kitu mchana, katoka kama saa saba. Humo ndani waligombana, nilisikia. Dada Laura alitoka analia, akaniomba nisimwandike. Mambo ya ndani ya watu siyaandiki kwenye daftari la geti.”

“Hata kama unalala hapa?”

“Mimi nimeulizwa dhahabu,” alisema Dulla. “Sijaulizwa ugomvi.”

“Zamu yako ilianza lini?”

“Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo nilikuwa likizo wiki nzima, nilikuwa Mlandizi kwa shangazi. Muulizeni.”

Modesta alimwambia Faraji aandike hilo na apige simu Mlandizi. Kisha wakaingia kwenye gari, wakashuka na Barabara ya Morogoro mpaka Kiluvya, wakakata kulia kuelekea Kisarawe.

“Mume ana wivu,” alisema Faraji njiani. Shangazi alikuwa ameshathibitisha maneno ya Dulla. “Amekwenda pale, wamegombana, ametia chumvi. Na mke anajua, ndiyo maana amenyamaza.”

“Anafundisha somo gani?”

Faraji aliangalia jalada. “Kemia,” alisema, na hakuweza kuficha furaha yake.

*

Mwalimu Gregori aliwapokea nje ya chumba cha darasa, mikono ina vumbi la chaki. Alikuwa mrefu, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Siku za kazi alikaa Kisarawe kwenye nyumba ya walimu. Mke alibaki Kibaha, na yeye alikwenda mwisho wa juma.

“Shikamoo, Afande.”

“Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kwa habari ya Jumapili.”

Aliwapeleka kwenye ofisi ya walimu iliyokuwa tupu, akafunga mlango. “Najua nilipiga kelele,” alisema. “Sikujua kama wangeita polisi kwa hilo.”

Faraji aliinua kichwa. Modesta hakumsahihisha Mwalimu.

“Ulipeleka chakula.”

“Wiki nzima alikuwa hali vizuri. Kazi imembana.”

“Unatoka Kisarawe mpaka Visiga na wali wa moto, siku ambayo ungeweza kukaa nyumbani kwenu Kibaha ukamngoja. Kwa ajili ya njaa tu?”

Gregori alifuta viganja vyake kwenye suruali, akaacha alama mbili nyeupe. “Nilikwenda kumkuta Zubeir.”

“Zubeir ni nani?”

“Mtafiti mwenzake. Kila akifungua mdomo ni Zubeir. Zubeir amepima, Zubeir amesema, Zubeir amecheka. Mimi nikimweleza ya shule anaangalia simu. Nimesoma jumbe zao. Hakuna kitu ndani yake, ni namba tupu na alama za vidole gumba. Lakini zinatumwa mpaka saa ngapi.”

“Ulimkuta?”

“Hapana. Nilimtafuta kila chumba. Nilimtafuta mpaka chooni.” Alisema hilo la mwisho kwa sauti ya chini. “Laurensia akasema, Gregori, umekuja kunitafuta mimi au kumtafuta mwanamume? Akatoka nje analia. Nikabaki peke yangu.”

“Kwa muda gani?”

“Dakika kumi. Labda kumi na tano.”

“Kwenye chumba chenye friji.”

“Ndiyo.”

“Mwalimu, ukitaka kuharibu maji yenye chembe za dhahabu utaweka nini?”

Gregori alifikiri, kwa uzito uleule ambao pengine alimfikiria nao mwanafunzi aliyenyoosha mkono. “Asidi ingeweza. Sijui hakika. Dhahabu yenyewe haisumbuki na vitu vingi, ila chembe hizo sizijui tabia yake, hazimo kwenye mtalaa.” Kisha akasita. “Yameharibiwa?”

“Mkeo hajakwambia?”

“Hatujazungumza tangu Jumapili.”

Alikaa kwenye kiti cha karibu. Kwa mara ya kwanza alionekana kuelewa kwa nini wameendesha gari mpaka pale.

“Nani alikwambia Zubeir atakuwepo?” aliuliza Modesta.

“Shemeji Juliana.”

“Fundi wa maabara?”

“Ni rafiki wa nyumbani. Alisoma na mke wangu, wamelala chumba kimoja miaka mitatu chuoni. Alinipigia Jumamosi.” Alitoa simu, akamwonyesha. Simu ilipigwa saa kumi na mbili kasoro dakika nane, jioni. “Alisema, shemeji, usiniweke katikati, ila kesho watakuwa wao wawili tu tangu asubuhi. Mpelekee mkeo hata chakula.”

Modesta alitoka kwenye baraza, akampigia Dokta Wilfred. Alirudi baada ya dakika mbili.

“Zubeir yuko Tanga,” alimwambia Faraji. “Amekwenda msibani tangu Alhamisi. Anayepanga zamu na kupokea fomu za ruhusa ni Juliana.”

“Kwa hiyo alidanganya.”

“Alidanganya. Lakini uongo si chumvi, Koplo. Mwalimu bado alikuwa na dakika kumi na tano pale.”

Gregori aliwasikia. “Alijua kwamba hayupo?” aliuliza. Kengele ililia, na wanafunzi wakaanza kupita nje ya dirisha na madaftari yao.

*

Saa nane mchana Modesta alikuwa amerudi Visiga, ameketi na Laurensia mbele ya daftari la maabara. Juliana alikuwa ameomba ruhusa akaenda nyumbani, kichwa kinamuuma.

“Nionyeshe taa zote zilizotumia chupa ya A-7.”

Laurensia alipanga vioo mezani. Vinne vya Alhamisi. Kumi na viwili vya Jumamosi. Aliunganisha waya kwenye kimoja cha Alhamisi, na mraba mmoja ukawaka kijani kikali kiasi kwamba Faraji aliziba macho kwa jalada. Kisha akaunganisha cha Jumamosi. Kiliwaka, lakini kilififia kama tochi iliyoishiwa betri. Alijaribu cha pili, na cha tatu. Vyote vilikuwa hivyohivyo.

“Hivi havikukushtua?”

“Nilivipima Jumapili asubuhi. Nikadhani nimekosea mimi, nimepaka vibaya. Nilikuwa nahangaika navyo pale Gregori alipoingia. Chupa sikuigusa mpaka Jumatatu. Nilipovuta maji nikaona bluu.” Alichomoa waya. “Na nilijua nani alibaki humu peke yake.”

“Jumamosi nani alivuta maji kutoka kwenye chupa?”

“Juliana. Yeye ndiye anayechanganya siku zote. Mimi nilikuwa chumba cha pili, napaka. Nilipokea mchanganyiko ukiwa tayari.”

“Huo mchanganyiko ukiwa tayari, rangi ya dhahabu inaonekana?”

“Haionekani. Lile tabaka lenyewe lina rangi ya bluu iliyokolea. Dhahabu inapotea humo.”

Modesta aliligeuza daftari upande wake. Jumamosi, saa tatu na robo, mililita mbili kutoka A-7. Pembeni kulikuwa na herufi J, ndogo na iliyonyooka.

“Alhamisi maji yalikuwa mazuri, taa zimewaka,” alisema. “Jumamosi asubuhi yameshaharibika, taa zimekufa. Mumeo amekuja Jumapili. Dulla ameingia zamu Jumamosi jioni.”

Laurensia alitazama vioo kumi na viwili kimoja baada ya kingine, kana kwamba vimewekwa pale sasa hivi.

“Juliana aliyavuta kwa pipeti,” aliendelea Modesta. “Pipeti ni nyeupe, unaona ndani. Aliyaona. Asubuhi ametuambia mwenyewe kwamba anayeijua rangi hiyo hawezi kuikosa. Hakukwambia.”

“Nimemlinda mtu ambaye hakufanya kitu,” alisema Laurensia polepole. “Na nikamwacha ndani mtu ambaye hakufanya kitu.”

“Ndiyo.”

Modesta alifunga daftari, kisha akauliza, “Makala ya utafiti mmeshaituma?”

“Jumatano iliyopita.”

“Jina la Juliana liko wapi?”

“Mwishoni. Kwenye shukrani.”

“Pamoja na akina nani?”

“Fundi umeme. Na watu wa usafi.”

“Nani alitengeneza maji ya A-7?”

“Yeye. Alijaribu mara kumi na nne mpaka zikatoka sawa. Mimi nikitengeneza zinatoka kubwa na ndogo. Sijawahi kuweza.”

“Jina lake lilikuwa hapo mwishoni tangu mwanzo?”

“Mwanzo lilikuwa la pili, baada ya langu.”

“Nani alilihamisha? Dokta Wilfred?”

“Mimi.” Aliunganisha vidole vyake, akavifungua. “Wageni wangemuuliza yeye. Kila swali lenye maana wangemuuliza yeye, na angejibu vizuri kuliko mimi, mbele yangu. Yuko hivyo tangu chuoni. Sikutaka wamwone.”

Faraji alikuwa ameacha kuandika. Modesta alimwashiria kwa kalamu yake, akaendelea.

*

Juliana alikaa mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha, chumba kimoja nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anapiga pasi koti jeupe, na hakuacha walipoingia; alimalizia mkono wa kushoto, akachomoa waya, akalitundika.

“Karibuni. Kiti ni kimoja.”

“Tutasimama,” alisema Modesta. “Kichwa kimepoa?”

“Kimepoa.”

“Zubeir alikuwa wapi Jumapili?”

“Tanga.”

“Jumamosi jioni ulimwambia Mwalimu Gregori kwamba yuko Visiga.”

“Nilichanganya tarehe.”

“Wewe huchanganyi tarehe. Nimeiona karatasi ya friji.”

Juliana alitabasamu kidogo, kwa namna ya mtu aliyesifiwa. “Chumvi iko kila jikoni, Inspekta. Na mwalimu wa Kemia anayo stoo nzima.”

Modesta aliweka nakala ya ukurasa wa daftari juu ya meza ya kupigia pasi. “Hii J ni yako?”

“Ni yangu.”

“Jumamosi saa tatu na robo ulivuta mililita mbili kutoka A-7. Zilikuwa rangi gani?”

Nje basi lilisimama, kondakta akaita abiria wa Mlandizi. Juliana alitazama ukurasa. Faraji, aliyekuwa mlangoni, baadaye alisema aliona wazi namna alivyozipima njia mbili, moja baada ya nyingine, kama anavyopima maji. Akisema nyekundu, vioo kumi na viwili visingekufa. Akisema bluu, itajulikana aliiona tangu Jumamosi akanyamaza.

“Bluu,” alisema.

“Uliweka chumvi lini?”

“Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Nusu kijiko.”

“Kwa sababu ya makala?”

“Alhamisi aliacha kompyuta wazi. Nilikuwa natafuta namba ya kioo. Nikaona jina langu liko na la yule anayedeki choo.” Alisema bila kupandisha sauti. “Alipokuja Visiga hakujua hata kushika pipeti. Nilimshika mkono. Mara kumi na nne, Inspekta, na mara ya kumi na nne maji yalipotoka mekundu, alinikumbatia akasema, tumefanikiwa. Tumefanikiwa.”

“Ulitaka nini kitokee?”

“Ijumaa wageni wamwambie, tutengenezee mengine tuone. Ashindwe mbele yao. Basi.”

“Na Mwalimu?”

“Nilijua Laurensia atabaini ni chumvi. Nilitaka apate mtu wa kumdhania. Mumewe ana wivu wake tangu siku ya harusi, mimi sikumpa.”

“Ulimwelekeza njia.”

Juliana aliusukuma ule ukurasa kando.

“Na Dulla?”

Hapo ndipo alipokaa, kwenye kile kiti kimoja. “Dulla sikumfikiria,” alisema. “Nilipoona wanamchukua jana nikasema watamwachia jioni. Jioni hawakumwachia.”

“Ungeweza kusema asubuhi hii. Ulisimama mbele yangu ukanionyesha jinsi rangi inavyogeuka.”

“Alikuwa anakwambia ni friji,” alisema Juliana. “Alikuwa anakwambia uongo kuhusu kazi yangu.”

*

Saa kumi na moja jioni Dulla alitia sahihi kaunta, akarudishiwa mkanda wa suruali na simu. Laurensia alikuwa anamngoja pale nje. Mkoba wake ulikuwa unatetemeka kwa simu iliyokuwa ikiita. Ilikatika, ikaita tena, na yeye hakuitoa.

“Dulla, nisamehe. Nilijua si wewe.”

Dulla alifunga mkanda wake kwanza. “Visiga nzima imeambiwa mimi mwizi,” alisema. “Mama hajatoka nje tangu jana. Mimi nimekusikia, dada. Pita nyumbani umwambie yeye.”

“Nitakuja leo.”

“Njoo kabla hakujaingia giza, majirani wakiwepo.” Akaondoka kuelekea kituo cha bodaboda bila kugeuka.

Laurensia aliingia ndani, akamwomba Modesta dakika mbili na Juliana. Modesta alikubali, lakini alibaki chumbani, amekaa pembeni na jalada magotini. Maelezo ya Juliana yalikuwa yamekamilika, kurasa nne, na kila ukurasa ulikuwa na sahihi iliyonyooka.

Wanawake wawili walikaa pande mbili za meza. Modesta alitarajia lawama, au machozi. Laurensia alitoa daftari na kalamu.

“Ijumaa zimebaki siku tatu,” alisema. “Dokta amesema nikipata maji mekundu kufikia kesho jioni, tunaweza kupaka usiku na asubuhi taa zikawa tayari. Ile dawa ya sitreti unaiweka kabla maji ya dhahabu hayajachemka au baada?”

Juliana alimtazama uso, kisha kalamu, kisha uso.

“Baada,” alisema. “Ichemke kwanza kabisa, mapovu makubwa. Halafu unamimina yote kwa mara moja. Wewe huwa unamimina kidogo kidogo, ndiyo maana zinatoka kubwa na ndogo.”

Laurensia aliandika haraka. “Kiasi gani?”

Juliana aliweka mikono yake mezani.

“Juliana. Kiasi gani?”

“Jina langu utalirudisha wapi?”

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Laurensia alimtupia Modesta jicho, kama mtu anayetafuta msaada kwa aliye karibu. Modesta alikuwa anasoma jalada lake.

“Tuzungumze hilo baada ya Ijumaa,” alisema Laurensia.

Juliana alisukuma kiti nyuma, akasimama, akamwambia Modesta kwamba yuko tayari kurudishwa ndani.

“Juliana, tafadhali. Kiasi gani, na muda gani?”

“Hayo umeshaandika kwenye makala kwamba uliyafanya wewe,” alisema Juliana. “Nenda kayafanye.”